Soksi za Mikono

Jumatatu, 3 Novemba 1986

Sikulala. Tumu hakulala. Mastura mke wangu hakulala. Aliyelala ni mama mkwe wangu, Bi Zeina, aliyekuja kutoka Mambrui wiki iliyopita kwa siku mbili tu, na kitanda alicholalia ni changu. Mimi niko ukumbini juu ya mkeka. Shingo imepinda.

Tumu, binti yetu wa miaka minne, ana ukurutu. Alikuwa nao tangu mchanga, unakuja unakwenda, lakini safari hii umemzidi. Viwikoni, nyuma ya magoti, shingoni. Anajikuna mpaka anatoka damu. Asubuhi aliniuliza: Baba, mbona ngozi yangu ina hasira? Nilitoka uani nikajifanya napenga kamasi.

Mastura alimpeleka zahanati. Nesi mmoja, Priscilla, kamwambia hivi: amwogeshe kwa maji ya uvuguvugu, asimsugue. Ampake mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu. Kucha azikate. Nguo ziwe za pamba, zisitiwe manukato. Akilala avishwe soksi mikononi asijikune. Na akampa dawa kidogo ya kupaka penye vidonda. Nikamwuliza Mastura, halafu? Akasema basi, ndiyo hayo.

Ndiyo hayo! Dawa haiwashi, hainuki, wala si chungu. Mafuta ya mgando hata jirani yetu Abubakr hupaka mnyororo wa baiskeli yake. Na soksi! Mimi Stambuli bin Omar, msaidizi wa msimamizi wa stoo ya dobi katika hoteli ya Wataliano, nimtibu mwanangu kwa soksi?

Bi Zeina alitoa hukumu baada ya chai. Alhamisi ya wiki ijayo anarudi Mambrui kujitayarisha kwa Maulidi. Ikiwa siku hiyo mtoto bado anajikuna, anaondoka naye, akalelewe huko penye watu wazima wenye akili. Nikauliza, kwa muda gani? Akasema mpaka apone au mpaka aolewe, lolote litakalotangulia.

Tumu ndiye mtu pekee wa nyumba hii anayefurahi nikisema nina mpango. Haendi popote. Nina mpango.

Jumanne, 4 Novemba

Mwarobaini! Dawa ya kweli sharti iume au iwe chungu, na mwarobaini ni mchungu hata kwa kuutazama. Nilichuma majani nyuma ya skuli mpaka mwalimu mmoja akachungulia dirishani akaniuliza kama nimetumwa na mbuzi wangu. Darasa zima likacheka. Nikaendelea kuchuma.

Sufuria yetu ndogo. Nikachukua ile ya pilau aliyokuja nayo mama mkwe. Nikachemsha mpaka maji yakawa rangi ya kahawa. Mastura akasema watu hutia majani kiasi, na maji huachwa yapoe. Nikamwambia kiasi ni cha watu wa kiasi.

Tumu alikuja uani, akatazama karai linavyofuka moshi, akasema Baba aingie kwanza. Mtoto ana akili, kanirithi mimi. Nikatia mguu. Lahaula! Niliruka mpaka nikaangusha kamba ya nguo. Tumu alicheka hadi akakaa chini, na muda wote huo hakujikuna. Mastura alimwaga maji yote.

Jioni wali ulikuwa mchungu. Sufuria imenyonya. Bi Zeina alikula, kila tonge ananitazama.

Nguo nilizoziangusha zilikuwa zangu, na hapa niandike jambo moja linaloniendea sawa. Tangu mwezi uliopita naleta nyumbani sabuni ya unga ya hotelini. Si wizi. Gunia likiisha, unga kidogo hubaki pembeni, na pembe za gunia si mali ya mtu. Nautia katika mkebe wa maziwa. Unga wenyewe unatoka ng'ambo, una chembechembe za buluu, unanukia kama duka jipya. Shuka za Wataliano hutoka nyeupe mpaka macho yanauma. Nilimfundisha Mastura: tia mkono mzima, na usisuuze sana, kwa maana weupe ni ule unaobaki ndani ya nguo. Sasa anasuuza mara moja. Na maji ya kununua ya mkokoteni tunaokoa.

Alhamisi, 6 Novemba

Siku mbaya.

Binamu yangu Badi anafanya kazi ya chumvi kule Marereni. Alipita asubuhi na mfuko wa chumvi ya mawe, zawadi. Nikafikiri: samaki akitiwa chumvi haozi. Mtu je? Badi akasema miguu yake mwenyewe imepasukapasuka kwa chumvi hiyo. Nikamwambia ni kwa sababu anaikanyaga, haiheshimu.

Nilingoja Mastura na mamake watoke. Nikakoroga chumvi katika karai. Maji safari hii nikayaacha baridi, maana mtu hujifunza. Nikamkalisha Tumu.

Siwezi kuandika yote. Chumvi ilimwingia penye vidonda. Alilia kilio ambacho sijapata kukisikia kwake, kilio cha kutoelewa. Nikamnyanyua, nikammwagia mtungi mzima wa maji safi, nikalia kumshinda yeye. Nilitamani mtu anipake mimi chumvi hiyo. Tumu, kwikwi haijamwisha, akanipangusa uso kwa kiganja akaniambia basi Baba, imeisha. Kisha akataka mabuyu. Nikaenda nikamletea mabuyu, nikambeba njia nzima kwenda na kurudi.

Mastura aliporudi aliona mtungi mtupu akajua. Hajasema nami tangu hapo. Bi Zeina amesema kwa niaba yao wote wawili.

Ijumaa, 7 Novemba

Leo nimekuwa mtu!

Kwa miaka yote, kanzu nyeupe kuliko zote msikitini kwetu, mtaa wa Barani, ni ya Abubakr. Ana duka la nguo, ukuta wake na wangu ni mmoja, na kila Ijumaa hutoka mlangoni polepole ili watu wamwone. Leo nilitoka wakati uleule. Jua likapiga. Mzee Muhdhar akaweka mkono juu ya macho akaniambia, Stambuli, umekuwa taa! Abubakr akatabasamu kwa meno tu. Akaniuliza natumia sabuni gani. Nikamwambia nia safi.

Shingo iliniwasha kidogo wakati wa hotuba. Joto.

Kwa kuwa uchafu ni adui wa ngozi, niliagiza vitu vyote vya Tumu vifuliwe kwa unga, na unga uongezwe. Shuka, foronya, magauni. Niliagiza kupitia kwa Bi Zeina, kwa sababu Mastura bado hasemi nami. Vikafuliwa, vikakauka, vikanukia. Tumu akavalishwa. Kufika magharibi anajikuna kuliko siku zote.

Nilitafuta sababu mpaka nikaipata. Kamba! Mchana tulikula kamba wa nazi. Nikatangaza kuwa kuanzia leo kamba hawaingii nyumba hii. Bi Zeina, anayependa kamba kuliko wajukuu, akasema amelea watoto sita kwa kamba, na kitu pekee kilichowahi kuudhuru ukoo wake ni mkwe mmoja.

Jumamosi, 8 Novemba

Si kamba. Nimefikiri vizuri. Ni kijicho. Mtu ananiuliza sabuni Ijumaa adhuhuri, na Ijumaa jioni mwanangu anawaka moto! Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na mimi na Abubakr tunatenganishwa na ukuta mmoja.

Ajabu: Bi Zeina amekubaliana nami. Mara ya kwanza tangu harusi. Alitoa chetezo, ubani, na udi wake wa sandukuni. Akaifukiza nyumba, akazifukiza nguo za Tumu juu ya tenga, akamfukiza Tumu mwenyewe, akanifukiza na mimi. Hatukuonana kwa moshi. Tumu akakohoa, macho yakamwaga machozi, akajikuna mpaka mgongoni ambako kulikuwa hakuna kitu.

Mastura akafungua madirisha yote. Akasema nesi alikataza manukato. Bi Zeina akasema nesi ni msichana wa juzi, udi wake ni wa tangu mama yake. Mimi nilinyamaza kwa raha. Sasa makosa si yangu peke yangu.

Lakini mtoto anaumia. Raha ikaisha upesi.

Jumapili, 9 Novemba

Nimekumbuka! Marehemu bibi yangu alikuwa akisema zamani aliyeungua au mwenye ndui hulazwa juu ya majani ya mgomba, kwa sababu ni baridi na hayashiki ngozi. Migomba ya Abubakr imeegemea ukuta wetu. Jani lililovuka ukuta ni letu, huo ndio ujirani. Yale ambayo hayajavuka niliyasaidia kuvuka.

Nimeondoa shuka. Nimeondoa foronya. Nimetandika majani kitanda kizima cha Tumu. Mastura kamwogesha kwa yale maji yake ya uvuguvugu, kampaka mgando wake, kamfunga leso yake kuukuu iliyoisha rangi, kamvisha soksi mikononi. Soksi ni zangu, za mpira. Tumu anasema yeye sasa ni golikipa. Nimewaacha wafanye, mradi majani yapo.

Jumatatu, 10 Novemba

AMELALA! Usiku kucha! Nilikwenda kumtazama mara nyingi nikifikiri labda amekufa. Amelala mdomo wazi, soksi kifuani, jani limemganda shavuni. Nilicheza chakacha peke yangu ukumbini. Bi Zeina akamshika viwiko, akavigeuza, akasema, mh. Hiyo mh ni kubwa sana kwa Bi Zeina.

Kazini nimemweleza kila mtu. Nimeona mbali: vitanda vya majani ya mgomba kwa Wataliano wanaoungua na jua pwani! Mwambire, dobi wetu mkuu, Mgiriama wa watu asiyesema sana, akaniuliza kabla ya majani kulikuwa na nini kitandani. Nikamwambia shuka tu, tena safi kabisa, imefuliwa kwa huu unga wetu. Kisha akavaa glavu zake akaendelea na kazi. Mtu hana upeo.

Usiku huu nimeongeza heshima. Bi Zeina amesema mtoto wa ukoo wake halazwi kama samaki sokoni, na hapo ana haki. Kwa hiyo juu ya majani nimetandika shuka mpya, nyeupe, imetoka kwenye kamba sasa hivi.

Jumanne, 11 Novemba

Hakulala. Kajikuna mpaka soksi moja imetoboka.

Nimechunguza. Majani ya kwanza yalikuwa ya mgomba wa kisukari. Ya jana niliyachanganya na ya ndizi za kupika. Kosa la kitoto! Nilikwenda ukutani kutafuta ya kisukari, hakuna, mgomba umebaki uchi kama mwiko. Jioni Abubakr akabisha hodi. Kwa adabu kubwa akauliza kama siku hizi tunafuga mbuzi. Ni mtu wa pili kuniulizia mbuzi.

Wakati wa chakula nilitaka kuwachangamsha watu. Nikawaeleza habari za Mwambire. Mwanamume mzima, mikono kama gome la mti, lakini hagusi ule unga bila glavu za mpira mpaka viwikoni! Anasema unamla ngozi. Na shuka za Wataliano anasuuza, anamwaga, anasuuza tena, anamwaga, kana kwamba anaosha dhambi. Nikacheka. Tumu akacheka kwa sababu mimi nimecheka.

Mastura hakucheka. Aliweka tonge chini. Akatazama kamba ya nguo uani, akamtazama Tumu shingoni. Akaniuliza, maneno yake ya kwanza kwangu tangu Alhamisi: Baba Tumu, huu unga ulianza kuuleta lini hasa? Nikamjibu kwa fahari, tangu mwezi uliopita, wiki ile Tumu alipoanza kuzidiwa. Akasema, mh. Kumbe hii mh ni ya ukoo.

Jumatano, 12 Novemba

Mastura ana mambo yake. Tangu alfajiri anafua. Kila kitu cha Tumu, shuka, leso, hadi mwanasesere wa matambara. Anafua kwa sabuni ya mche, ile ya kawaida ya dukani, kisha anasuuza mpaka maji yatoke kama yalivyoingia. Mwenye mkokoteni wa maji amekuja mara mbili, anatabasamu kama bwana harusi. Nikamwuliza Mastura ni nini hiki. Akasema nimwachie siku moja tu nisiwe na mpango.

Mkebe wa unga haukuwa mahali pake. Nimeuona nyuma ya kuni. Nikauhamishia chini ya mkeka wangu kwa usalama.

Mchana Tumu amelala saa nzima bila kujikuna. Majani yale ya Jumapili bila shaka. Dawa nyingine hufanya kazi polepole.

Kesho hukumu. Nimemtazama mtoto anavyocheza mlangoni, nikafikiri nyumba hii bila yeye. Nani atakayeniuliza maswali? Nani atakayeingia karaini baada yangu? Siwezi kuiachia kesho ijiendee tu.

Mastura amemtayarishia Tumu kigauni cha zamani kilichopauka. Kwenda kukaguliwa na Bi Zeina, amevaa kigauni kilichopauka! Walipokwenda wote watatu kwa jirani Mwanabibi kusaidia mambo ya Maulidi, nilichukua lile gauni la Idi, la manjano, lenye marinda. Nikalifua mwenyewe. Mara ya kwanza maishani mwangu kufua nguo, na niseme kweli nina kipaji. Nilitia unga nusu mkebe. Sikusuuza kabisa. Limekauka limekakamaa vizuri hata ukiliweka juu ya sanduku linasimama lenyewe. Linanukia mpaka nje.

Alhamisi, 13 Novemba

Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi Bi Zeina alivaa miwani. Akamkalisha Tumu pajani, akatazama viwiko, magoti, shingo. Wekundu umepoa. Vidonda vimekauka. Mastura alikuwa mlangoni mwa jiko. Bi Zeina akasema mh, halafu akasema alhamdulillahi. Akachukua kifurushi cha nguo za Tumu alichokuwa amekwishakifunga, akakiweka kando ya mlango.

Hapo ndipo ningenyamaza. Mtu yeyote angenyamaza.

Mastura alirudi jikoni kuchukua mkate wa sinia wa safari. Mimi nikaleta gauni. Tumu alipoliona akaruka juu. Tukalivaa upesi upesi, mimi na yeye, siri yetu. Akazunguka, marinda yakafunguka. Bibi akapiga makofi. Tukatoka mlangoni kumsindikiza. Mchukuzi na mkokoteni, Abubakr na baiskeli yake, kila mtu yuko pale. Tumu akapeleka mkono shingoni.

Nikamshika mkono. Akapeleka wa pili. Kisha nyuma ya goti. Kisha kote. Katika kitambo kidogo analia, shingo nyekundu kama pilipili. Bi Zeina aliinama tu, akakiokota kile kifurushi.

Nikamwomba. Mama, nipe wiki moja. Akasema amekwishanipa. Nikamwambia nitalala ukumbini mwaka mzima. Akasema hilo halimtibu mtoto. Tumu akanikumbatia mguu, anajikuna kwa mkono mmoja, mwingine amenishika suruali. Sikuwa na mpango. Mbele ya Abubakr, mbele ya mchukuzi, sikuwa na mpango wowote.

Mastura akatokea. Alimtazama mtoto mara moja, akamvua gauni palepale kizingitini, akammwagia maji mengi ya mtungi, akamfunga ile leso yake kuukuu. Kisha akampa mamake gauni akamwambia anuse. Bi Zeina akanusa, akapiga chafya. Akasugua ukosi kwa vidole, na unga mweupe ukadondoka kizingitini mbele ya watu wote.

Hapo Mastura alisema, bila kupaza sauti. Kwamba mtoto alizidiwa wiki uliyoingia mkebe. Kwamba alilala usiku ule mmoja kwa sababu shuka iliondolewa, si kwa sababu ya mgomba wa mtu. (Abubakr akanitazama.) Kwamba dobi mwenyewe anauvalia glavu. Kwamba tangu jana hakuna chenye unga kilichomgusa mtoto, na wote wameona alivyoamka leo. Kisha sote tukamtazama mtoto. Tumu ndani ya leso akapigwa na kwikwi, akatulia. Mikono ikashuka. Akauliza kama kuna mabuyu.

Bi Zeina akaniuliza mkebe uko wapi. Nikasema mkebe gani? Tumu akasema uko chini ya mkeka wa Baba.

Ukaletwa. Bi Zeina akasema amekuja Barani kuondoa linalomtesa mtoto, na ataliondoa. Akautia mkebe kikapuni mwake, chini ya mkate wa sinia, na kifurushi cha Tumu akaniwekea mikononi. Akaniambia nimwekee mwanangu mkono kichwani niape kwamba unga ule hauingii tena nyumba hii. Nikaapa. Kwa moyo wangu wote. Akaondoka zake Mambrui na mkebe.

Nilimpandisha Tumu mabegani nikamzungusha Barani nzima, nikimwonyesha kwa watu ambao walikuwa wanamjua tangu kuzaliwa. Sijapata kufurahi hivi. Na kitanda changu nimerudishiwa.

Ijumaa, 14 Novemba

Kanzu yangu imefuliwa kwa sabuni ya mche, ikasuuzwa maji baada ya maji. Imetoka rangi ya chai yenye maziwa mengi. Abubakr aling'ara. Akamwambia kila aliyemwuliza kwamba ni buluu ya kufulia ya dukani tu na jua. Mzee Muhdhar akaniuliza kama naumwa.

Nimevumilia. Tumu amelala tangu isha mpaka alfajiri. Mastura anaendelea na yaleyale ya nesi, kila siku: maji ya uvuguvugu, kumpangusa taratibu, mgando, soksi. Nikamwuliza kwa nini na mtoto amepona. Akasema ukurutu hulala, hauhami, na mwenye busara hauamshi.

Leo amesema nami kwa mapenzi. Aliniomba nimpitishie chumvi. Nikampitishia bila kumtazama.

Moyo mweupe wa baba ni bora kuliko kanzu nyeupe. Nimetunga mwenyewe. Nimeyapenda sana maneno haya.

Jumatatu, 17 Novemba

Hotelini kumeletwa kitu kipya. Si unga! Hili lieleweke. Ni maji, mazito, rangi ya waridi, katika madumu makubwa, ya kulainishia mataulo. Yananukia bustani. Na kwenye dumu pana picha ya mtoto mchanga anacheka. Ningeapa kuhusu maji ningekumbuka.

Pembeni mwa dumu hubaki kidogo.

Nguo za Tumu sizigusi, Mungu shahidi. Kanzu yangu tu. Ndoo yangu mwenyewe, nyuma ya jiko. Mwambire kayashika kwa glavu, lakini Mwambire hata chai angeishika kwa glavu.

Ijumaa, 21 Novemba

Kanzu laini kama sufi! Harufu ya waridi ilifika msikitini kabla yangu. Mzee Muhdhar alisogea akae karibu nami. Abubakr akageuka, akanusa, akaniuliza ni marashi gani. Nikamwambia tabia njema.

Rakaa ya kwanza, shingo ikapata moto. Ya pili, makwapa. Nilipotoa salamu kulia na kushoto nilikuwa najikuna pande zote mbili. Sasa ni kifua, tumbo na mgongo ambako sifikii. Sababu ni wazi. Abubakr kaniuliza Ijumaa adhuhuri, na Ijumaa jioni nawaka moto. Kijicho kitupu!

Mastura alinitazama kutoka mlangoni mwa jiko. Akasema sikio la kufa halisikii dawa, akaenda kunitilia maji. Ya uvuguvugu.

Tumu amekuja na kopo lake la mgando. Amenipaka shingo kwa kiganja kizima, taratibu, huku ananiambia nisijikune, Baba, ngozi yako ina hasira. Kisha akanivisha soksi mikononi. Ndiyo sababu mwandiko huu ni mbaya. Alipomaliza akainusa kanzu kwenye msumari, akasema inanukia vizuri, akauliza kama leo anaweza kuilalia. Nikamwambia hapana! Kwa sauti kubwa mpaka akashtuka. Nikainuka nikaitundika juu kabisa, penye boriti, asikoweza kufika. Wala sijui kwa nini.

Kesho asubuhi nitampigia Abubakr hodi. Kwa adabu. Nataka kujua kama mgomba wake wa kisukari umekwisha kuota majani.